Bi Chumvi Hakukiri

Asubuhi ile kijitoni hakuna aliyemtwika Chiriku mtungi.

Alikuwa ameujaza maji hadi shingoni, akasokota kitambaa chake, akakiweka kichwani, akasimama kungoja kama walivyozoea: mmoja ashike huku, mwingine ashike kule, mtungi uinuke, mzaha utupwe, kila mtu ashike njia yake. Wanawake walikuwepo wa kutosha kumtwika mlima. Lakini huyu aliinama kuosha miguu ambayo ilikwisha takata, yule akafungua mbeleko na kuifunga upya, na mke wa Jumbe akayatazama maji yakipita kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuyaona.

"Jamani, nitwikeni," alisema Chiriku.

Aliyejibu alikuwa Mama Pacha, tena bila kumtazama.

"Akutwike mama mkwe wako. Si ana nguvu ambazo sisi hatuna?"

Kama ingekuwa mtu mwingine, Chiriku angejua la kujibu. Mama Pacha alikuwa shoga yake. Waliolewa msimu mmoja, wakajifungua msimu mmoja, na masika yaliyopita, surua ilipoingia kijijini na kuchagua watoto kama mtu achaguaye mahindi ya kuchoma, walizika msimu mmoja. Chiriku alimzika mwanawe wa pekee. Mwenzake alimzika mmoja wa wale mapacha, wa kiume, akabaki na msichana mwembamba kama uzi. Watu waliendelea kumwita Mama Pacha kwa sababu hawakujua wamwite nani tena.

"Umesikia nini?" Chiriku aliuliza.

"Mpiga ramli amesema jana. Watoto hawakufa, waliliwa. Na mlaji anakaa kwenye moshi." Mama Pacha aliinua uso, na macho yake yalikuwa mekundu. "Niambie wewe, shoga yangu. Nani mwingine kijiji hiki anakaa kwenye moshi?"

Chiriku alimwaga nusu ya maji, akapiga goti, akajitwika mwenyewe. Njia nzima mtungi uliyumba, maji yakamlowesha kifua, wala hakujifuta.

* * *

Miaka hiyo barabara ilikuwa haijafika kule mlimani. Serikali ilikuwa kitu cha kusikia kwa wasafiri, na neno la baraza likishapita lilikuwa limepita. Chumvi ilikuwa haba mno. Kijiji kizima kilitegemea chemchemi moja iliyotoa maji machungu kwenye mwamba nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, na mjane huyo ndiye aliyejulikana kwa jina la Bi Chumvi.

Chiriku alimkuta pale alipomwacha, ndani ya kibanda cha moshi, amesimama juu ya vyungu vyake vipana. Maji yalichujwa kwanza kwenye chungu chenye matundu, yakamwagwa kwenye vyungu vya kupikia, yakachemka kuanzia asubuhi hadi yakawa mazito na kuanza kuganda pembeni. Hapo ndipo palipotakiwa mkono. Bi Chumvi alikuwa na mkono huo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, nyusi zimeungua kwa ndimi za moto, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya mwanamume mwenye mafua. Alifiwa na mume mwanawe akiwa bado ananyonya. Shemeji yake alimwandalia chumba nyuma ya nyumba yake, akakikataa. Akaingia kwenye moshi, akapika chumvi, akamlea mwanawe, akamwoza, na hakuna siku aliyokwenda kuomba unga kwa mtu.

Hilo peke yake watu wangelivumilia. Lisilovumilika ni kwamba aliwaita wanawake wengine waje kuchota na kuchuja, na ujira wao aliwapa chumvi mkononi mwao, si mkononi mwa waume zao. Mwanamke mwenye donge lake la chumvi hununua kanga bila kumwomba mtu. Mwaka juzi mmoja wao alipigwa na mumewe hadi jino likatoka. Akaja kulala kwenye kibanda, na mume alipomfuata, Bi Chumvi alisimama mlangoni na mwiko uliokuwa ukitoka mvuke, akamuuliza kwa upole kama ana haja ya kuingia. Hakuwa na haja.

"Mbona maji nusu?" Bi Chumvi alisema bila kugeuka. "Mtungi umetoboka?"

"Hawakunitwika, mama."

Mwiko ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Wameniita nani safari hii?"

"Mchawi."

"Aa. Mwaka juzi nilikuwa mkaidi, mwaka jana nikawa malaya. Naona napanda cheo."

Alisema hivyo akicheka puani, lakini alipougonga mwiko kwenye ukingo wa chungu ili kuukung'uta, uligonga mara nyingi mno. Wote wawili walikuwa wakimkumbuka mtu mmoja. Mwaka wa nzige kulikuwa na ajuza mmoja pale kijijini, macho yake mekundu kwa uzee tu, na ramli ilimwangukia yeye. Alifukuzwa kwa mawe. Wachunga mbuzi walimkuta bondeni, na aliyethubutu kumfukia alikuwa Bi Chumvi peke yake.

* * *

Adhuhuri akaja Baba Mkubwa. Ndivyo nyumba ile ilivyomwita, kaka wa marehemu mume wa Bi Chumvi, mwanamume mnene mwenye heshima zake, msemaji mzuri kwenye misiba. Alipiga hodi kwa sauti ya huzuni, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango, kwenye jua, ingawa kivuli kilikuwapo ndani.

Chiriku alimletea maji kwenye kibuyu, akampa kwa mikono miwili. Baba Mkubwa alikitazama kile kibuyu. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kidevuni.

"Weka tu hapo, mwanangu. Sina kiu."

Chiriku alikiweka chini, uso ukimwaka. Katika maisha yake yote hakuwahi kumpa mtu maji yakakataliwa.

"Shemeji," alianza Baba Mkubwa, "mimi si adui yako. Nimezungumza na Jumbe, nimembembeleza, tumefika mahali pazuri. Kesho barazani wewe kiri tu. Sema ulirithishwa ukiwa mdogo, hukujua. Watu watapoa. Utatakaswa, utahamia kwangu, kile chumba kipo. Chemchemi tutaisimamia mimi na wanangu. Utakula, utavaa. Mwanamke wa umri wako anataka nini zaidi?"

"Na chumvi atapika nani?"

"Utapika wewe. Kwani kuna aliyesema uache?"

"Kumbe mikono ya mchawi haina neno," alisema Bi Chumvi. "Hicho chumba chako kina subira. Kimeningoja tangu nilipokuwa na meno yote."

"Zamani nilikuwa nikikuomba. Leo siombi." Baba Mkubwa alijifuta jasho kwa kiganja. "Unakumbuka yule ajuza. Mimi sitaki nije nikuokote bondeni, mke wa ndugu yangu."

Kisha akamgeukia Chiriku, na sauti ikalainika kama ya mtu anayemwita kuku.

"Na wewe mwanangu utaulizwa. Hutaambiwa useme uongo. Utaulizwa neno moja: alfajiri ile mtoto alikufa mikononi mwa nani? Jibu lake unalijua. Lijibu, unyamaze. Wewe bado binti, utazaa wengine. Usikubali kuzikwa kaburi moja na mzee."

Alipoondoka walisikia viatu vyake hadi vilipopotea. Bi Chumvi alikiokota kile kibuyu, akanywa yale maji yote kwa mkupuo, akarudi kwenye vyungu vyake. Chiriku alibaki mlangoni. Mkuki ulikuwa umempata pale pale palipokuwa na kidonda.

Maana alijua, na hakuwahi kumwambia mtu; ni mke wa Baba Mkubwa tu, aliyeitikia kilio, ndiye aliyejionea. Alfajiri ile alizinduka usingizini akapapasa kitanda, mtoto hayupo. Alikimbia hadi kibandani, akamkuta mama mkwe amekaa mbele ya moto, mtoto kifuani. Alipompokea, mgongo wa mtoto ulikuwa na joto la moto, lakini uso ulikuwa umekwisha poa. Kwa nini alimchukua? Kwa nini hakumwamsha? Swali hilo Chiriku alikula nalo na kulala nalo. Walimwita Chiriku tangu utotoni kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, lakini tangu siku ile ya msiba alikuwa akisema maneno ya lazima tu, kama mtu anayeogopa akifungua mdomo lile swali litamponyoka.

* * *

Mume wake alirudi jioni, jua likiwa bado juu ya kilele. Yeye ndiye aliyebeba chumvi kuvuka mlima kwenda gulioni na kurudi na majembe na nguo. Mtu mwema, mchapa kazi, mwenye maneno machache kiasi kwamba walimwita Mpole, na wengine walitamka jina hilo wakitabasamu. Habari zilikuwa zimemfikia njiani. Alitua mzigo, akakaa, akaitazama mikono yake.

"Mama," alisema, "ni maneno tu. Sema ndiyo, yaishe. Neno halivunji mfupa."

"Mwanangu, keti vizuri nikutazame."

"Nimeketi, mama."

"Nikisema ndiyo, nimesema nilimla mwanao. Hilo ndilo neno unalotaka nilitamke mbele ya mkeo?"

Mpole aliinamisha kichwa. "Nataka uishi. Sina lingine ninalolitaka."

"Najua. Wewe ni mtoto mwema." Bi Chumvi alikaa chini, taratibu, kwa magoti yenye maumivu. "Nikikiri, na mwanamke atakayefuata atakiri. Watasema, kama yule jeuri mwenyewe alikiri, wewe ni nani ukatae? Yule ajuza alikataa. Walimuua, lakini hawakupata neno lake. Na mimi nikakae kwenye chumba cha nyuma, nile makoko ya ugali wa shemeji, nisimamiwe hata nikienda haja? Hapana. Kufa nitakufa, hilo halina ujanja. Lakini nataka nife na jina langu."

Chiriku alikuwa akisonga ugali. Aliutoa mwiko, akauweka pembeni. Alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kabla hajaipa ruhusa.

"Mama, alfajiri ile ulimchukua kwa nini?"

Mpole alitaka kusema kitu, mama yake akamzuia kwa mkono. Chiriku akaona uso ule mkavu ukibadilika, ukawa uso wa mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo na kuliogopa.

"Ulikuwa hujalala siku nyingi," alisema Bi Chumvi. "Usiku ule usingizi ulikubeba ukiwa umekaa kitandani, mtoto mapajani. Nilikuja kumtazama. Nilimwekea sikio kifuani, nikajua. Nimezika watoto watatu kabla ya huyu mumeo, mwanangu. Ile pumzi naijua. Ningeweza kukuamsha. Ungefanya nini? Ungekaa unaihesabu. Nikasema, acha nimbebe mimi, niwe karibu na moto asipate baridi, na yeye mama yake alale usingizi mmoja zaidi akiwa bado ana mtoto. Labda nilikosea. Nimejiuliza kila siku kama nilikosea. Kama nilikuibia, nisamehe."

Ugali uliungua. Hakuna aliyeuondoa. Chiriku alikwenda akakaa karibu na mama mkwe wake, akaegemeza kichwa kwenye bega lile lenye harufu ya moshi, akalia kilio ambacho tangu masika hakikuwa kimepata njia. Bi Chumvi hakumwambia anyamaze. Mpole alitoka nje, akapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

* * *

Asubuhi baraza lilikaa uwanjani mbele ya nyumba ya Jumbe. Wazee walikaa kwenye vigoda, wanaume wakasimama nyuma yao, wanawake wakakaa chini upande wa pili. Jumbe alikuwa mtu mwoga aliyejaliwa sauti kubwa. Mpiga ramli, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha tangu juzi, alikaa akichokonoa meno. Na hapa na pale, miguuni mwa vijana, Chiriku aliona mawe yaliyokusanywa, ya ukubwa wa kuenea kiganjani.

Mama Pacha aliitwa kwanza. Alisimama na binti yake mgongoni, akasema kwa sauti ambayo ilibidi watu waelekeze masikio. Mtoto wake alikuwa mzima. Bi Chumvi alikuja kumtazama, akamletea maji ya chumvi na asali ya kumwoshea kinywa. Siku ya pili mtoto akafa.

"Na huyu uliyembeba," Bi Chumvi aliuliza kutoka pale alipokaa, "sikumwosha kinywa?"

"Hukuulizwa," alisema Jumbe.

"Ulimwosha," alisema Mama Pacha, akakaa haraka, kama mtu aliyekanyaga kitu chenye ncha.

Jumbe alimuuliza Bi Chumvi kama anakiri. Akasema hakiri. Akaulizwa kama anajua adhabu ya asiyekiri. Akasema anaijua, ni yeye aliyemzika yule ajuza aliyepewa adhabu hiyo mwaka wa nzige, na kama wazee wamesahau kaburi liko wapi atawaonyesha. Minong'ono ikapita. Baba Mkubwa akainuka kwa utaratibu, akasema yeye ni mwenye nyumba ile kwa damu, linamuuma kuliko wote, lakini ukweli hauna shemeji. Aitwe mkaza mwana aulizwe neno moja.

Chiriku alisimama.

"Alfajiri aliyokufa mwanao," Jumbe aliuliza, "alikuwa mikononi mwa nani?"

"Mwa bibi yake."

Uwanja ulivuta pumzi. Baba Mkubwa akatikisa kichwa kwa huzuni, akanyoosha mkono kumwashiria akae. Chiriku hakukaa.

"Sijamaliza."

"Umejibu ulichoulizwa."

"Nimejibu nusu, na nusu ndiyo mliyotaka. Mtoto ni wangu. Nimembeba mimi tumboni, nimemzika mimi. Mwenye haki ya kusema alikufaje ni mimi, si ramli. Alikufa kwa surua. Alikufa kifuani mwa bibi yake kwa sababu bibi yake hakutaka afe peke yake huku mama yake akikoroma kwa uchovu. Kama huo ndio uchawi, basi ninyi wazee mliokimbilia mashambani siku za surua, mkatuachia watoto, mlikuwa watu safi kweli kweli."

"Mwanamke, chunga ulimi," alisema mzee mmoja.

"Nauchunga, baba. Na kuna lingine. Jana Baba Mkubwa alikuja kwetu. Nilimpa maji, akakataa, jasho likimtoka. Aliogopa maji ya mchawi. Lakini chemchemi ya huyo huyo mchawi anaitaka. Na anataka mchawi aendelee kumpikia chumvi, aipeleke gulioni, watu wale. Wazee wangu, mimi sikusoma kokote. Naomba mtu anifafanulie: ni kitu gani katika nyumba ile kina sumu, na ni kitu gani hakina?"

Upande wa wanaume mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Kisha mwingine. Kwa wanawake hakuna aliyecheka, lakini vichwa vilivyokuwa vimeinama viliinuka kimoja kimoja. Baba Mkubwa alijifuta jasho kwa kiganja.

Ingekuwa vyema kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Kijiji kilikuwa kimekuja na hofu, na hofu haikubali kurudi nyumbani mikono mitupu. Jumbe alinong'ona na wazee, akasimama, akasema: hakukiri, na ushahidi haukutosha, kwa hiyo damu haitamwagika. Lakini watoto wamekufa. Bi Chumvi aondoke kijijini leo, kabla jua halijatua, asionekane tena. Chemchemi itakuwa mikononi mwa ukoo. Mwanawe na mkewe wanaruhusiwa kubaki.

"Mimi nakwenda naye," alisema Chiriku.

Alimshika Bi Chumvi mkono, wakaanza kutembea katikati ya watu. Jiwe la kwanza lilianguka mbele yao. La pili lilipita karibu. Ndipo Mpole, ambaye asubuhi nzima hakuwa amesema neno, alipotoka kwenye kundi la wanaume, akaja upande ule mawe yalikotokea, akatembea sambamba na mama yake. La tatu lilimpata begani. Hakugeuka kutazama aliyerusha, wala hakuharakisha mwendo, na halikurushwa la nne.

* * *

Upande wa pili wa mlima palikuwa na bonde jembamba ambako wanyama pori walikuja kulamba udongo. Bi Chumvi alipajua tangu ujanani. Pale walitua. Walilala kwanza chini ya matawi, kisha kibanda kikasimama, kisha cha pili. Chumvi ya pale ilikuwa haba na ya kijivu. Ilibidi udongo ukwanguliwe, uloweshwe, uchujwe mara mbili ndipo upikwe. Walikonda. Chiriku alipasuka viganja, na jioni Bi Chumvi alimpaka mafuta huku akimtania kwamba sasa amekuwa mpika chumvi kamili, mikono yake haiwezi tena kubembeleza mume bila kumchubua.

"Analalamika?" aliuliza.

"Yule atalalamika lini, mama? Hata jiwe hakulilalamikia."

Walicheka wote wawili, na Mpole nje akajifanya hasikii.

Kule kijijini Baba Mkubwa aliwaita wale wanawake waje kumpikia. Walikuja siku ya kwanza. Jioni walimuuliza ujira uko wapi. Akawaambia chumvi sasa ni mali ya ukoo, waume zao wataonana naye. Siku ya pili walikuja wachache, na siku iliyofuata vyungu vilikaa bila moto. Wa kwanza kuvuka mlima alikuwa yule aliyeng'olewa jino. Alifika na nguo zake kwenye kifurushi, akauliza kama kuna mwiko wa ziada. Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, wengine kwa siku tu, wengine wasirudi. Waume walifuata wakifoka. Mpole aliwapokea njiani, akawakalisha, akawasikiliza hadi hasira zikawachosha, na wengi walirudi na chumvi ya kununua.

Kiangazi kilipokolea alikuja Mama Pacha. Alisimama mbali, juu kidogo ya vibanda, binti yake mgongoni. Chiriku alimwona wa kwanza, na moyo ukamruka kwa furaha na kwa chuki pamoja. Hakuna aliyemkaribisha. Mwishowe alishuka mwenyewe, akaja hadi mbele ya moto alikokaa Bi Chumvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mume wangu hanipi kitu. Mtoto ana njaa. Nimesikia huku kuna kazi."

"Kazi ipo." Bi Chumvi alikoroga chungu chake, akakitazama. "Nilitaka kukuuliza jambo siku ile, sikupewa nafasi. Nakuuliza leo. Nilimla mwanao?"

Mama Pacha alisimama kama aliyepigwa.

"Hapana," alisema. "Nilijua siku ile ile kwamba hapana. Nilikuwa nataka awepo mtu. Nisingeweza kuishi kama hakuna mtu wa kulaumiwa."

"Nakuelewa," alisema Bi Chumvi, na haikuwa kejeli. "Lakini hilo la kwanza ulilisema uwanjani, mbele ya Jumbe na wazee, kwa kinywa chako. Hili la pili unaninong'oneza mimi, huku porini. Haliendi hivyo. Rudi ukalisemee pale pale. Ukilisema, mahali pako pale penye chujio papo wazi."

"Watanipiga, mama."

"Huenda."

"Mume wangu atanifukuza."

"Huenda na hilo. Sikudanganyi."

Chiriku alitaka kumwombea. Alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Lakini alimtazama shoga yake, akaona kitu kikipita usoni mwake, si hofu, hofu ilikuwapo tangu mwanzo. Kilikuwa kitu kilicho chini ya hofu, kigumu, kama mwamba unaoonekana maji yakipungua. Akanyamaza.

Mama Pacha alitazama njia ya mlimani, jinsi ilivyopanda kwenye jua. Akafungua mbeleko taratibu. Yule msichana aliyebaki alikuwa amelala, kichwa kimelegea, mate yamemtoka shavuni. Chiriku alinyoosha mikono kumpokea. Mama Pacha alimpita. Alimwinamia Bi Chumvi, akamweka mtoto mapajani mwake, akamkunjia mkono mmoja uliokuwa ukining'inia, akahakikisha amekaa vizuri.

"Akiamka," alisema, "atataka maji."

Kisha akajifunga kanga kiunoni, akaushika mlima.